Kontrola huku, traka kule: mwaka na ushei na laini ya TCP/IP ya IBM Z Workload Scheduler

Haya jamani, hii kitu nliwaahidi wenzangu tangu kabla ya Ramadhani na sijaiandika, sasa leo stima ipo, intaneti ipo, watoto wako madrasa, mimi niko juu darini hapa Langoni na birika langu la kahawa, basi wacha niimwage yote kwa mpigo. Na niseme mapema, mimi si muuzaji, IBM hawanilipi hata shilingi, mimi ni mtumiaji tu ambaye nimeamshwa usiku na hii programu kuliko baba wa mapacha.

Ninayoipitia ni IBM Z Workload Scheduler, ile wazee wa kazi mpaka kesho wanaiita OPC na waliokuja nyuma yao wanaiita TWS. Ni programu ya kupanga jobu (kazi zinazokimbia zenyewe bila mtu) za meinifremu, zile kompyuta kubwa za mabenki na makampuni: hii ianze saa fulani, ile isianze mpaka hii iishe salama, na hii ikianguka aamshwe mtu (mimi). Ina vipande vingi lakini viwili ndio roho yake. Kuna kontrola, huyu ndiye ameshika mpango wa siku nzima. Na kuna traka, huyu anakaa kwenye kila mfumo wa z/OS (mfumo endeshi wa meinifremu) ambako jobu zinakimbia, anapokea jobu kutoka kwa kontrola anaitia JES2 (sehemu ya mfumo inayopokea jobu na kuzikimbiza), halafu anakaa macho kuangalia imeanza lini, imeisha vipi, na kuripoti. Programu nzima siwezi kuipitia, hiyo ni bahari. Napitia kitu kimoja, namna kontrola na traka wanavyoongea wakiwa mbali mbali kwa TCP/IP, lugha ile ile ya mtandao inayotumiwa na intaneti, maana hapo ndipo mwaka wangu mzima ulipoishia.

Najua kuna mtu ashauliza Lamu na meinifremu wapi na wapi. Meinifremu haziko Lamu bwana, huku gari tu za kuhesabu, mashine ya tani itapita kichochoro kipi. Ziko Ulaya, za kampuni ya watu ambayo sitaitaja, kontrola iko jengo moja na traka ziko jengo jingine mji mwingine. Mimi naingia kwa VPN, nafungua skrini nyeusi ya 3270, nafanya kazi yangu natoka naenda kuswali. Na hapa kuna jambo watu wanalichanganya sana: intaneti yangu ya kisiwani ikikatika, jobu hazina habari. Laini inayofanya kazi ni ile ya kontrola na traka, mimi ni dirisha tu la kuchungulia. Mke wangu alikuwa akiniona nimelala mchana mtandao umekufa ananiuliza sasa benki za watu zitasimama? Hazisimami mama, ziko kazini, mimi ndiye nimesimama.

Sasa ili tuelewane. Ami yangu ana duka la vifaa vya ujenzi, mzigo wake watoka Mombasa na lori mpaka Mokowe, pale wapakiwa mashua waja Lamu, gatini wateremshwa, punda wapanda nao mtaani. Ami mwenyewe hatoki dukani. Mokowe amemweka karani. Ami ndiye anajua simenti iende kwa nani na nondo zisubiri nini, karani hajui hata kidogo, kazi yake ni kuambiwa pakia hii, akapakia, akaandika kwenye daftari imepakiwa saa ngapi imeondoka saa ngapi, akapiga simu. Basi ami ni kontrola, karani ni traka, simu ni hii laini tunayoizungumza. Nlipomweleza ami hivi alicheka sana akasema kwa hivyo miaka yote ile ya chuo ulikuwa wasomea kazi ya karani wangu.

Kuongea kwenyewe kuna njia nne. Ya kwanza ni diski ya pamoja, traka anaandika matukio kwenye daftari lake (faili linaitwa event data set, jina lake kwenye JCL, yale maandishi ya maagizo ya jobu, ni EQQEVDS) na kontrola analisoma humo humo, na kontrola akitaka jobu iingizwe anaiandika kwenye faili jingine traka anaichukua. Hii inaenda vizuri sana ila lazima wote wafikie diski ile ile, yaani karani na ami meza moja. Ya pili ni XCF, hii ni kwa mifumo iliyo sisipleksi moja, yaani meinifremu zilizoungwa zikafanya kazi kama kundi moja, wako nyumba moja wanaitana kwa dirisha, na kwa kweli kama mko sisipleksi moja acheni kusoma hapa tumieni XCF muende mkanywe chai. Ya tatu ni SNA kwa VTAM, mtandao wa IBM wenyewe wa kabla ya TCP/IP kushika kila mahali, ya kizamani, imara kama mlango wa Lamu, ila siku hizi kumpata kijana anayejua VTAM ni kazi, na watu wa mtandao ukiwatajia LU (jina la ncha ya laini huko SNA) wanakuangalia kama umewatukana. Ya nne ndiyo hii, TCP/IP.

Sisi tulikuwa na ya tatu tukahamia ya nne. Nlipoambiwa nlidhani ni kazi ya wiki.

Kwenye karatasi ni rahisi mno. Upande wa kontrola unaandika kwenye ROUTOPTS (haya majina yenye OPTS ni mafungu ya mipangilio ya programu) jina la unakopeleka, pamoja na anwani ya IP na poti ya traka, yaani namba ya mlango wake wa mtandao. Upande wa traka unaandika kwenye TRROPTS kwamba HOSTCON ni TCP, halafu hosti ya kontrola na poti yake. Lile jina uliloliandika kwenye ROUTOPTS ndilo hilo hilo uliweke kwenye wekistesheni (mahali pa kukimbilia jobu, kama kontrola anavyopajua) ndani ya hifadhidata ya kontrola, herufi kwa herufi, ukikosea moja laini itakuwa hai lakini jobu hazina anwani. Unazima unawasha pande zote mbili, unafungua EQQMLOG, faili la ujumbe wa programu, unasoma. Mistari haifiki kumi. Ukizoea VTAM unaweza kulia kwa raha.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la poti. Poti nlikuwa nimeihifadhi kwenye PROFILE.TCPIP (faili la mipangilio ya mtandao wa z/OS) kwa jina la taski ya zamani, yaani programu inayokaa imewashwa, taski mpya ina jina jingine, basi inaomba poti inanyimwa, na mimi niko bize nawalaumu watu wa faiawoli siku nzima, watu wa watu wamefungua kila kitu wamechoka na mimi. Nlipogundua nliona haya, niliwaandikia ujumbe wa kuwaomba radhi, halafu simu zao sikuzijibu siku mbili.

La pili ndilo lilinitoa jasho, na hili lisomeni vizuri maana sijaona mtu akilisema kwa sauti. Laini ikawa hai, kontrola inamwona traka, wekistesheni iko aktivu, nikatuma jobu ya majaribio, ikaingia, ikakimbia, nikaingia SDSF, skrini ya kuangalia jobu za JES2, nikaiona imeisha salama kabisa. Narudi kwa kontrola, bado iko S, yaani imeanza. Nasubiri. S. Nikaenda kula viazi karai nikarudi. S. Jobu zote kumi za majaribio zimekaa S kama watu wanaosubiri mashua na maji yametoka. Yaani amri zinaenda lakini habari hazirudi! Kumbe kwenye EWTROPTS ya traka nlisahau kuweka EWSEQNO. Bila hiyo yule mwandishi wa matukio anaandika tu kwenye daftari lake, haambiwi kwamba ayapeleke pia kwenye laini. Zamani kwenye diski ya pamoja kulikuwa na msomaji upande wa pili analisoma, sasa msomaji hayupo na mpelekaji hakuajiriwa. Neno moja, tarakimu moja, nikawasha tena, matukio yakamwagika kwa mara moja, A2 zinakuja, A3J zinakuja, A3P zinakuja, jobu zote kumi zikageuka C, yaani zimekamilika, mbele ya macho yangu. Nlipiga kelele huku juu mpaka jirani akauliza kuna nini, nkamwambia karani amepiga simu.

(Kwa wageni: A1 ni jobu imesomwa na JES2, A2 imeanza, A3J imeisha, A3P ni hatua ya JES kumaliza nayo. Kama ni JES3, ndugu yake JES2, herufi ya mbele inakuwa B. Ukizijua hizi unajua habari imekwamia wapi.)

Haya, sasa kwa nini naipa sifa. Si kwa sababu ya mwendo. Matukio yenyewe ni vijidata vidogo tu, hata laini ya kawaida inayabeba bila kutoka jasho. Naisifu kwa sababu inajua kukatika. Tulifanya jaribio makusudi kabisa, tukapanga na watu wa mtandao wafunge poti katikati ya kazi kwenye mifumo ya majaribio, jobu kama sitini hivi zikiwa njiani. Wakafunga. Kontrola akaona wekistesheni imekuwa ofulaini, akaacha kutuma jobu mpya, zilizo tayari zikabaki R zinasubiri. Lakini zile zilizokuwa tayari zimeingia JES2 kule hazikusimama hata moja, JES2 hajali kontrola yuko hai au amekufa, anamaliza kazi yake. Na traka? Anaandika. Kila jobu ikianza anaandika, ikiisha anaandika, kwenye EQQEVDS, kimya kimya. Baada ya dakika arobaini wakafungua poti. Sikugusa kitu. Laini ikajirudi yenyewe, traka akasoma daftari lake kuanzia alipoishia, akatuma yote kwa mpangilio na saa zake za kweli, kontrola akasasisha mpango, zilizosubiri zikaanza kuondoka. Hakuna jobu iliyokimbia mara mbili, hakuna iliyopotea. Nliiangalia hesabu mara tatu maana sikuamini.

Kontrola wetu lakini tumemwekea aache hali ilivyo wekistesheni ikipotea. Kwenye JTOPTS unaweza kumwambia vingine, kwamba zilizokuwa zimeanza azihesabu zimekosa au azianzishe upya. Hiyo ya kuanzisha upya muiogope kama papa. Mkatiko wa mtandao si kifo cha mashine, jobu iko hai kule inaandika malipo ya watu, wewe unaianzisha tena!

Sasa nirudi kwa daftari maana hapo ndipo nlipoungua. EQQEVDS lina kurasa zake maalum ulizolikata siku ya kwanza, na likijaa halisimami, linarudi ukurasa wa kwanza linaandika juu ya yaliyopita. Kwa siku za kawaida hakuna neno, yale ya zamani yashatumwa zamani. Mimi kwa ubahili, ati mfumo wa majaribio, nlilikata dogo sana. Jaribio la pili tukaamua laini ikatwe usiku kucha. Asubuhi kurudi, matukio ya mwanzo wa usiku yashaandikiwa juu, jobu kadhaa ziko S na zitakaa S mpaka kiyama maana habari yake haipo tena duniani. Nlikaa nazo moja moja, SDSF, angalia imeisha na kodi gani (namba ya matokeo yake), rudi kwenye paneli, igeuze C kwa mkono, inayofuata. Mahamri yangu yalipoa, mbaazi zikaganda nazi juu. Ushauri wangu: piga hesabu ya matukio ya usiku wako mzito kuliko wote, wa mwisho wa mwezi, halafu zidisha kwa mkatiko mrefu kuliko wote unaoweza kuufikiria, diski ni rahisi kuliko asubuhi kama ile.

Nisilopenda sasa. Karani hana akili yake. Mpango wote uko kwa kontrola, traka hana nakala hata ya ukurasa mmoja, laini ikikatika saa tano basi jobu ya saa sita haianzi, hata kama mashine iko sawa na kila kitu kipo tayari. Ukitoka kwenye upande wa seva za kawaida ambako kuna ajenti zinazobeba nakala ya mpango na kuendelea zenyewe, hii itakukera. Najua sababu yake, ukimpa kila mmoja mpango unapata vichwa viwili, lakini kukera inakera. Dawa yake si kwenye hii laini, ni kuweka njia mbili za mtandao na kontrola wa akiba.

Jingine ni usalama. Usipowasha SSL, ile ya kuficha mazungumzo kwa siri, mambo yanapita wazi, na humo ndani kuna JCL za watu, na kwenye JCL za zamani wewe mwenyewe unajua watu walikuwa wakiandika nini. Kuiwasha inataka vyeti, kirings (mikungu ya kuwekea vyeti) kwenye RACF, mlinzi wa usalama wa z/OS, na pande zote mbili zikubaliane. Ilituchukua siku nne, nyingi zikiwa za kusubiri mtu mmoja mwenye ruhusa atoke likizo. Ila msiende laivu bila hiyo, tafadhali.

Na saa. Wallahi saa! Mifumo yote lazima ikubaliane kuhusu GMT, maana tukio lina muhuri wake wa saa na kontrola anapanga kwa huo. Hilo la mashine lilikuwa sawa. Lisilokuwa sawa ni la binadamu. Nna kijana Malindi tunapokezana naye zamu za usiku, kijana mzuri, mwepesi kushika. Kuna jobu moja ya kuhamisha ilipangwa 02:00. Mimi nikiwa mbio mbio gatini namwandikia, "angalia ile jobu, inaanza saa 2 usiku". Sasa wewe mswahili ukisoma saa mbili usiku unaelewa nini? Watu wamemaliza isha wanakula. Kijana wa watu akafungua laptopu saa mbili kamili, akakaa mpaka saa tatu na nusu, haoni kitu, akasema labda imeahirishwa, akalala. Saa nane usiku, ndiyo hiyo 02:00 yenyewe, jobu ikaanza, ikaanguka, E kubwa nyekundu, na hakuna mtu. Mimi ndiye nlifikiria kwa kizungu nikaandika kwa kiswahili. Yeye hadi leo akinipigia simu anaanza, "Kaka, saa ya mashine ama saa ya msikiti?"

Kwa wanaotaka kujifunza na hawana meinifremu ya mtu: hii programu yenyewe huipati bure. Lakini wazo la kutuma jobu kwa mtandao unaweza kulishika kwa mkono kwa Hercules, emuleta (programu inayoigiza meinifremu kwenye laptopu) aliyoianzisha Roger Bowler mwaka 1999, juu yake unaweka MVS 3.8j, mfumo endeshi wa kizamani wa meinifremu, pakiti ya TK5 inakuja imepangwa tayari. Ndani yake kuna kisomea kadi cha 3505 kilichofunguliwa kama soketi kwenye poti 3505. Yule kijana na mimi tulifanya, Hercules kwenye laptopu yake Malindi, mimi Lamu, VPN kati yetu, nachukua faili la JCL naisukuma kwa netcat (programu ndogo ya kutuma data kwenye poti) kwenye ile poti, kule JES2 anaona kadi zimeingia, jobu inakimbia, matokeo yanatoka kwenye printa ya 1403 ambayo ni faili tu la maandishi. Utajifunza mengi hapo kwa sababu hapo hakuna traka! Jobu ikishaingia hakuna anayekuambia imeisha, ni mpaka umpigie simu mwenzako akuangalizie. Ukifanya hivyo siku mbili utaelewa kwa nini mtu akaumba daftari la matukio. Ila hiyo poti haina nenosiri wala mlinzi, msiifungue kwenye intaneti wazi.

Kwa nani inafaa basi. Kama mifumo yenu iko miji tofauti na hamna diski ya pamoja, chukueni, msifikirie mara mbili. Kama bado mko SNA na inafanya kazi na mzee wenu wa VTAM hajastaafu, hakuna haraka, ila anzeni kumkalisha na kuyaandika anayoyajua. Kama mko sisipleksi moja nimeshasema, XCF na chai.

Nyota nne kwa tano. Ile ya tano nimeishika kwa sababu ya EWSEQNO, maana laini inayojionyesha hai wakati nusu yake ni bubu ingeweza angalau kunitolea onyo moja kwenye EQQMLOG, nikaokoa siku yangu.

Usiku huu watu wa mtandao wanabadilisha faiawoli upande wa traka, wameomba dakika ishirini. Nimeshakuza EQQEVDS, nimeshaangalia JTOPTS, na kijana nimemwandikia 02:00 kwa tarakimu, halafu nikampigia nikamwambia saa nane, halafu nikamwambia kabla ya alfajiri, halafu akaniambia kaka nimeelewa wacha nilale.